Jinsi Wyoming Inavyopata Madaktari

Wyoming ni jimbo la Marekani lililo kubwa kupita Uganda, lakini watu wake hawafiki 600,000. Mgonjwa wa shamba aweza kusafiri mwendo mrefu kabla ya kumwona daktari. Nalo jimbo halina chuo chake lenyewe cha udaktari. Kwa hiyo tangu mwaka 1996 limeshirikiana na Chuo Kikuu cha Washington. Wanafunzi huanza masomo mjini Laramie, kwao Wyoming. Serikali ya jimbo huwasaidia gharama, na kila mmoja hufunga mkataba: akiisha kuhitimu mafunzo yote, arudi kutibu watu wa Wyoming miaka 3, ama alipe fedha alizosomeshwa. Maana asomeshwaye kwa mali ya wote ana deni kwa wote.