Kibofu na Mji wa Mimba ni Majirani: Kichocho Kinavyoingia Kwenye Uzazi

Tuanze na mfano. Mama mmoja analima mpunga bondeni, kisiwani Pemba. Anatokwa na uchafu usio wa kawaida ukeni, anaona damu kidogo baada ya tendo la ndoa, na tumbo linamuuma chini ya kitovu. Kituo cha afya anaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, amlete na mumewe. Wanameza dawa wote wawili, dalili ziko pale pale. Sasa nyumbani kuna swali ambalo hakuna anayethubutu kulitamka: nani kauleta?

Huenda hakuna aliyeuleta. Huenda umetoka kwenye maji ya bondeni. Ili uone inawezekanaje, hebu tuangalie ramani ya nyonga.

Figo mbili huchuja damu, na mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, kilicho nyuma tu ya mfupa wa kinena. Kutoka hapo njia ya nje ni moja. Kwa mwanaume ina urefu wa sentimita 20 hivi, hupita katikati ya tezi dume, na ndiyo hiyo hiyo inayopitisha shahawa. Kwa mwanamke ina kama sentimita 4 tu, na tundu lake liko mbele ya uke. Wapo watu wazima wanaodhani mkojo na mtoto hupita tundu moja. Hapana, ni matundu mawili.

Kwa hiyo ungesema kwamba kwa mwanamke mifumo hii haihusiani. Njia ni tofauti, kweli, lakini nyumba zinapakana. Mji wa mimba umelala juu ya kibofu, na uke uko nyuma yake. Zaidi ya hapo, vena zinazozunguka kibofu zimeungana na zile za uke na mji wa mimba, kama wavu mmoja.

Ndani ya wavu huo ndimo anamoishi mnyoo wa kichocho cha mkojo, aliyegunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851. Kiluwiluwi chake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi yako ukiwa majini. Akishakomaa, dume na jike hukaa wawili wawili ndani ya vena, na jike hutaga mayai yenye mwiba. Mayai yanayotoboa ukuta wa kibofu hutoka na mkojo, ndiyo maana mtu anakojoa damu. Mengi hayatoki, hukwama mwilini.

Na kwa kuwa wavu ni mmoja, mengine hukwama kwenye shingo ya kizazi, uke, hata mirija ya uzazi. Mwili huyazingira, pakatokea uvimbe, vidonda na makovu. Mirija ikiziba, kupata mimba kunakuwa shida, au mimba inatunga nje ya kizazi. Wanaume nao hawajasalimika: mayai huweza kukwama kwenye tezi dume, na damu ikaonekana kwenye shahawa.

Kichocho hiki hakiambukizwi kwa kujamiiana. Hata msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanaume anaweza kuwa nacho. Hiyo haina maana kwamba upuuze vipimo vya magonjwa ya zinaa, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Na mkojo kukosa mayai hakutoshi kusema huna kichocho: wakati mwingine lazima mtaalamu aangalie shingo ya kizazi, ambako huonekana mabaka kama mchanga.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Inaua minyoo waliokomaa, lakini makovu ya zamani yanaweza kubaki, kwa hiyo kutibiwa mapema ni muhimu. Ukirudi kwenye maji yale yale, unaweza kuambukizwa tena.

Basi, ukiwa na dalili kama za yule mama na dawa hazisaidii, mwambie daktari jambo ambalo pengine hatakuuliza: unalima wapi, unafua wapi, ulikuwa unaogelea wapi utotoni. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu, na kuiondolea ndoa shutuma isiyoistahili.