Kusoma Udongo: Mambo ya Kale ya Ufipa

ELIMU YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Somo la Saba

Wasaidizi wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba kila mwanafunzi ana daftari na kalamu. Wenye macho hafifu wakae mbele, karibu na ubao.

Katika masomo yaliyopita mmejifunza kusoma herufi za kitabuni. Leo tutawatazama watu wanaosoma kitabu kisicho na herufi hata moja. Kitabu hicho ni udongo. Watu hao huitwa wanaakiolojia, yaani wataalam wanaochimba ardhi ili wajue maisha ya watu wa zamani.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1994 mpaka 2014, palikuwa na kipindi cha televisheni kilichoitwa Time Team. Wataalam walikwenda mahali fulani, pengine katika shamba la mkulima, pengine nyuma ya nyumba ya mtu, wakachimba kwa siku tatu. Watazamaji waliona kila kilichotoka ardhini: vigae vya vyungu, misingi ya nyumba, sarafu za kale. Kipindi hicho kilionyesha kwamba historia ya nchi haimo katika majumba ya wafalme peke yake. Imo pia chini ya bustani ya mtu wa kawaida.

Je, sisi wa Ufipa tunacho cha kusoma katika ardhi yetu? Tunacho, tena kingi.

KUSOMA MATABAKA

Kwanza tuelewe namna udongo unavyosomwa. Ninyi wakulima mnalijua tuta la intumba. Mkulima hukata udongo pamoja na nyasi zake, akaupanga kwa duara, nyasi zikielekea ndani, ili zioze na kuwa mbolea. Sasa chukua jembe, ulikate tuta hilo katikati. Utaona nini? Chini ni ardhi ya siku zote. Juu yake ni weusi wa nyasi zilizooza. Juu kabisa ni udongo uliofunika. Hata kama hukuwapo siku ile ya kulima, wajua lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Ardhi yote iko hivyo. Kila safu ya udongo huitwa tabaka. Kilicho chini kilitangulia, kilicho juu kilifuata, isipokuwa pale ambapo mtu, mnyama au maji yamevuruga.

Kwa sababu hiyo mtaalam hachimbi kwa pupa. Hutumia mwiko mdogo wa mwashi na brashi, na udongo wake huuchekecha. Kabla ya kuinua kitu chochote hupima mahali kilipolala, akachora, akapiga picha, akaandika. Kigae kilichotolewa bila kuandikwa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Maneno yake yapo, lakini hujui yalifuata neno gani.

MAAJABU YA KALAMBO

Mfano mkubwa uko jirani yetu. Mto Kalambo ni mpaka wa Tanzania na Zambia, na maporomoko yake yana urefu wa zaidi ya mita 200. Mwaka 1953 mtaalam aitwaye Desmond Clark aliona kwamba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, ukingo wa mto una matabaka mengi yenye zana za mawe. Alichimba hapo kwa miaka kadhaa. Alikuta pia vipande vya miti ya kale sana, ambavyo havikuoza kwa sababu vililala katika udongo uliojaa maji.

Wataalam wengine walirudi pale, na mwaka 2023 wakatangaza jambo la ajabu. Walikuwa wamepata magogo mawili, moja limelala juu ya jingine, na gogo la juu limechongwa pengo ili likae imara. Umri wake ni miaka 476,000 au zaidi. Waliujua kwa kupima chembe za mchanga uliofunika magogo hayo, kwa maana chembe hizo hutunza alama ya muda uliopita tangu zilipoonwa na jua mara ya mwisho. Kama mtu angaliyang'oa magogo hayo na kuyatupa kando, hakuna mtaalam ambaye angaliweza kujua umri wake.

MATANURU YA WAFIPA

Sasa turudi uwandani kwetu. Wengi wenu mmeona katika pori au shamba mnara wa udongo mwekundu, mnene, una matundu chini, na pengine umebomoka nusu. Hilo ni tanuru la kuyeyushia chuma. Wafipa huliita ilungu, na yakiwa mengi huitwa malungu.

Tanuru hilo lilijengwa kwa udongo, mara nyingi karibu na kichuguu, maana udongo wa mchwa ni mgumu na wavumilia moto. Urefu wake ulifika kama mita 3. Mafundi walilijaza makaa na mawe yenye chuma, wakalitia moto. Hawakutumia mivukuto. Kimo cha tanuru kilivuta hewa chenyewe kupitia matundu ya chini, kama dohani ivutavyo moshi. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumiwa. Baadaye mhunzi alifua majembe, mashoka na mikuki.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko na heshima zake. Tanuru jipya lilipambwa kama bibi arusi, na dawa zilifukiwa katika kishimo chini ya sakafu yake. Majembe ya viwandani yalipoenea, kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20. Mafundi wengi wamekwisha kufa. Profesa Bertram Mapunda alichunguza matanuru ya Nkansi katika miaka ya 1990, naye alionyesha kwamba matanuru hayakuwa ya namna moja. Watu wa sehemu hizi walijua njia mbalimbali za kupata chuma.

WAJIBU WETU

Pengine mzee mmoja darasani anauliza, "Mwalimu, mnara uliobomoka na mavi ya chuma yatatufaa nini? Mimi nataka nafasi ya kupanda mahindi."

Mzee wangu, swali lako ni la haki. Lakini fikiri. Siku moja mjukuu wako ataambiwa kwamba babu zake hawakujua kitu, na kwamba chuma kililetwa na wageni. Utamjibu kwa maneno, naye atataka kuona. Tanuru likiwapo, utamshika mkono umpeleke. Likiwa limevunjwa, utampeleka wapi? Mahindi yaweza kupandwa hatua chache kando yake. Tanuru lililovunjwa halipandwi tena.

Wako pia watu wanaochimba usiku wakitafuta rupia za Wajerumani. Hao huvuruga matabaka, nao huondoka mikono mitupu. Tena sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mahali pa kale bila kibali cha Serikali.

Basi ukikuta tanuru, vigae vingi, au zana za mawe, fanya mambo haya manne:

1. Usikiondoe kitu mahali pake.
2. Weka alama ili upajue tena.
3. Mpe habari ofisa mtendaji wa kijiji, ili ifike wilayani na katika Idara ya Mambo ya Kale.
4. Waulize wazee jina la mahali hapo na habari zake, uziandike. Kalamu unayo sasa.

MASWALI YA DARASANI

1. Tabaka ni nini? Eleza kwa mfano wa tuta la intumba.
2. Kwa nini miti ya Kalambo haikuoza?
3. Ilungu lilipataje hewa bila mivukuto?
4. Katika kijiji chenu kuna tanuru la kale? Andika mistari mitano juu yake, umsomee jirani yako.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.