Plagi Ikiungua, Usilaumu Jiko

Plagi ya jiko la umeme ikianza kunuka, wengi hulitupia lawama jiko lenyewe: bei rahisi, limechoka, linakula umeme. Wengine huilaumu TANESCO. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi hakuna mwenye kosa kati ya hao wawili. Joto linaloyeyusha plagi na kuigeuza soketi rangi ya kahawia hutoka kwenye kiungo kilicholegea, pale waya unapobanwa na skrubu au pini ya plagi inapogusana na bati lililo ndani ya soketi. Tunabadilisha jiko, tunabadilisha breka, kiungo tunakiacha palepale, kisha tunashangaa harufu inaporudi.

Suala hili lina uzito wake kwa wakati huu. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na umeme ni sehemu ya nishati hiyo. Lakini nyumba nyingi za Bariadi, Maswa na Itilima, hapa mkoani Simiyu, ziliwekewa nyaya kwa ajili ya taa, televisheni na kuchaji simu. Televisheni hula makumi kadhaa ya wati tu, huku jiko la sahani moja au birika likivuta wati 1,000 hadi 2,200. Tena birika huwaka dakika chache likazima. Anayechemsha makande, maji ya kuoga familia nzima au uji wa kimea wa kutengenezea togwa na pombe ya mtama huacha umeme ukipita kwa saa nyingi mfululizo, na kiungo kibovu huumbuliwa na muda. Marekani, ambako wapo watu wengi wanaopika bia nyumbani kwa umeme, hita ya kawaida ya kazi hiyo ni ya wati 5,500 kwenye volti 240, yaani ampia karibu 23 kwa muda mrefu, na tatizo la plagi kuungua wanalifahamu vizuri.

Tupige hesabu kidogo, maana ndiyo inayomaliza ubishi. Birika la wati 2,200 kwenye volti 230 huvuta ampia 9.6. Joto linalozaliwa mahali popote kwenye njia ya umeme ni ampia zidisha kwa ampia, kisha zidisha kwa ukinzani wa mahali pale. Kiungo kilichokazwa vizuri kina ukinzani mdogo mno, wa sehemu chache za elfu za omu, hivyo hakipati joto la kutajika. Kikilegea, au shaba ikishika kutu, ukinzani unaweza kufika omu 0.4. Hapo hapo joto linakuwa wati 37, sawa na chuma cha kulehemu cha fundi redio, na lote limekusanyika kwenye eneo dogo kama punje ya mahindi, ndani ya plastiki. Plastiki inayofunika nyaya za kawaida za nyumbani imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 tu.

Ushahidi mwingine hauhitaji kipimo chochote. Chomoa plagi iliyoungua uitazame pini zake. Mara nyingi utakuta pini moja imekuwa nyeusi au imebadilika rangi, plastiki inayoizunguka imevimba, na pini ya pili inang'aa kama siku ilipotoka dukani. Umeme unaoingia kwa pini moja ndio huo huo unaorudi kwa nyingine, ampia kwa ampia. Kama kosa lingekuwa jiko kuvuta umeme mwingi, pini zote mbili zingeungua sawasawa. Inayoungua zaidi mara kwa mara ni ya moto, kwa sababu upande huo ndani ya plagi zetu za pini tatu kuna fyuzi, na fyuzi hushikwa na vibanio viwili ambavyo navyo hulegea. Umeme mwingi kupita kiasi una dalili yake tofauti: waya mzima huwa wa vuguvugu kutoka mwanzo hadi mwisho. Joto la sehemu moja tu ni la kiungo.

Kiungo hulegeaje wakati fundi alikikaza? Shaba hutanuka ikipata moto na kusinyaa ikipoa, na kila usiku wa kupika ni mzunguko mmoja wa kutanuka na kusinyaa chini ya skrubu. Wapo mafundi wanaokata nyuzi chache za waya ili mkia uingie kwenye tundu, wakabakiza nyuzi pungufu kubeba mzigo wote. Wengine husokota nyaya mbili, wakazungushia utepe na kuzificha juu ya dari. Bati la soketi nalo lina unyumbufu wa springi, na springi ikishapata moto mkali haibani tena. Ndiyo maana plagi mpya ikichomekwa kwenye soketi iliyokwisha kuungua, nayo huungua baada ya muda mfupi. Kuna pia nyaya za bandia sokoni, alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, ya bandia inatoa weupe. Alumini huzuia umeme zaidi ya shaba kwa mara moja na nusu hivi, na chini ya skrubu hulegea upesi.

Nitapingwa kwamba Simiyu tatizo ni umeme mdogo, hasa saa za jioni kila mtu anapowasha, na kwamba umeme mdogo ndio unaochoma nyaya. Ni kweli kwamba mkoa huu kwa miaka mingi umelishwa kwa njia ndefu kutoka Shinyanga, na njia ndefu hupoteza volti. Lakini jiko la sahani, birika na hita ya kuchovya havina mota. Volti zikishuka, ampia nazo hushuka. Birika letu la wati 2,200 likipewa volti 180 litavuta ampia 7.5 tu, na joto la kiungo litapungua kwa karibu asilimia 40. Maji yatachelewa kuchemka, ni kweli, na kiungo kitakaa na mzigo kwa muda mrefu zaidi, ila umeme mdogo hauwezi kuanzisha moto kwenye kiungo kizima. Wenye haki ya kulalamika ni wenye friji na pampu za maji, kwa sababu mota inaponyimwa volti huvuta ampia zaidi.

Pingamizi la pili huja na vitendo: breka inaanguka mara kwa mara, basi iwekwe kubwa zaidi. Hili ndilo kosa linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu huonekana limetatua tatizo siku hiyo hiyo. Breka ipo kuulinda waya ulio ukutani. Waya wa milimita 1.5 uliovutwa kwa ajili ya taa, ukiwa ndani ya bomba, haupaswi kubeba zaidi ya ampia 15 hivi. Ukiwekewa breka ya 32 unaweza kuungua ndani ya ukuta bila breka kushtuka. Breka inayoanguka papo hapo inasema kuna shoti. Inayoanguka baada ya robo saa inasema mzigo ni mkubwa, au skrubu yake yenyewe imelegea na kuipasha moto, na hili la pili watu wengi hawalifikirii. Hata fyuzi ya plagi isikupe matumaini makubwa: iliyoandikwa ampia 13 inaweza kuvumilia ampia 20 kwa nusu saa au zaidi. Mzigo huo ndio unaopatikana ukichomeka birika na jiko kwenye ekstensheni moja. Na kiungo kilicholegea hakiongezi ampia hata chembe, kinazipunguza kidogo, kwa hiyo hakuna breka ya kawaida wala fyuzi inayoweza kukiona. Pua yako na mkono wako ndivyo vitakavyokiona kwanza.

Kagua hivi. Washa jiko kwa dakika 20, zima, chomoa, kisha gusa plagi na uso wa soketi kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu si tatizo. Ikikulazimu kuondoa mkono, acha kuitumia. Ekstensheni ikunjue yote kabla ya kuipa mzigo, kwa sababu iliyozungushwa hujipasha yenyewe, na jiko la kupikia kwa saa nyingi halifai kabisa kuwa kwenye ekstensheni. Kazi ya kufungua soketi mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aanze kwa kuzima swichi kuu na kuhakikisha kwa testa. Mwambie abadilishe plagi na soketi kwa pamoja, akate waya mpaka afike kwenye shaba safi, akaze kila skrubu hadi za breka, na ahakikishe waya wa ardhi umefika, hasa kama unachemsha maji kwa hita ya kuchovya. Anayepika biashara au anayechemsha masufuria makubwa kila siku aombe laini ya peke yake ya waya wa milimita 4 kutoka kwenye breka ya ampia 20, iishie kwenye swichi ya jiko bila plagi katikati. Gharama hiyo ni ya mara moja. Na ikitokea soketi imeanza kutoa moshi, usimwagie maji: zima swichi kuu, toa watu nje, piga 114.