Kwa Nini Woki-toki Huzima Unapotaka Kusema?



Kikundi kimoja cha walinzi wa msitu, upande wa Shinyalu, kilikuwa na redio mbili za mkononi, zile tunaziita woki-toki. Jioni moja kijana wao aliangukiwa na tawi huko ndani ya Msitu wa Kakamega. Mwenzake akabonyeza kitufe aombe msaada. Taa ikawaka kidogo, redio ikazima. Akaiwasha tena, ikasikika vizuri. Akabonyeza, ikazima. Ilibidi ambebe mgongoni mpaka barabarani.

Kijana alipona, lakini mkutano uliofuata ulikuwa moto. Wengine walitaka akiba yote ya kikundi inunue redio mpya. Fundi alipoitwa, alikuta kutu ya kijani kwenye vyuma vinavyogusana na betri. Akasugua, kazi ikaisha. Sasa, kutu kidogo inawezaje kuzima redio? Tuelewe pamoja.

Nguvu inavyogawanywa

Redio nyingi za siku hizi zina betri ya volti 7.4. Ikijaa hufika volti 8.4, na inashuka kadiri unavyoitumia. Lakini vile vipande vidogo ndani, ambavyo ni akili ya redio, vinataka volti 5 au 3.3 tu, tena zisizopanda wala kushuka. Kwa hivyo kuna kidhibiti cha umeme. Kifikirie kama mtu aliyesimama kwenye bomba la tangi. Tangi likijaa, maji yanasukuma kwa nguvu, naye anafunga bomba kidogo. Maji yakipungua, anafungua zaidi. Ndoo inapata maji yale yale. Lakini tangi likikaribia kukauka, hata afungue yote, maji hayatoshi. Hapo redio inazima.

Sehemu ya kurusha sauti hewani haipiti kwa huyo mtu wa bomba. Inachota moja kwa moja kutoka kwa betri, na ni mlafi. Redio ya wati 5 huweza kuvuta kama ampea moja na nusu unapobonyeza kitufe. Ukiwa unangoja tu kimya, inavuta kidogo sana. Ndiyo sababu watengenezaji hupima maisha ya betri hivi: katika dakika 100, unasema 5, unasikiliza 5, na 90 unangoja. Ukipiga domo, betri haifiki jioni.

Basi turudi kwa kutu. Kutu ni kama takataka kwenye mfereji. Maji kidogo yanapita, ndiyo maana redio ilisikika vizuri. Ulipobonyeza, umeme mwingi ukatakiwa kwa mara moja, ukakwama njiani. Volti zikaanguka, kidhibiti kikakosa cha kugawa, redio ikazima. Betri iliyozeeka hufanya vivyo hivyo. Ukiipima kwa mita ikiwa imepumzika, inaweza kuonekana nzima kabisa.

Sauti inavyosafiri

Unaposema, kipaza sauti kinageuza mtetemo wa sauti yako kuwa umeme mdogo sana. Saketi ya kwanza inaukuza. Ya pili inauchuja: inapitisha mitetemo ya kama 300 hadi 3,000 kwa sekunde, inayotosha maneno kueleweka. Ndiyo sababu ngoma ya isukuti ikipigwa karibu na redio, upande wa pili mlio wake mzito haufiki. Ya tatu inazuia kelele kupita kiasi. Kwa hivyo kupiga mayowe hakusaidii. Sauti inakatwa na maneno yanaharibika. Weka mdomo umbali wa vidole vinne hivi, useme kawaida.

Upande wa kupokea, sauti inatolewa kwenye mawimbi, inachujwa, inapita kitufe cha sauti, inakuzwa, halafu inasukuma karatasi ya spika kama ngozi ya ngoma.

Kabla hamjanunua mpya

- Ikizima unapobonyeza: safisha vyuma vya betri, kisha jaribu betri ya mwenzako.
- Ikiwa taa inawaka lakini hakuna sauti: chomeka kisikizi cha sikioni. Kikisikika, ugonjwa uko kwa spika au kwenye tundu la kisikizi.
- Ikikwaruza ukizungusha kitufe cha sauti: kitufe kina vumbi.
- Ikiwa unawasikia lakini hawakusikii: fundi aanze na kipaza sauti.
- Ikiwa imekufa kabisa na betri ni nzima: fundi aangalie fyuzi na kidhibiti.

Msikubali fundi aweke waya mahali pa fyuzi. Msitumie chaja ya redio nyingine. Betri iliyovimba msiichaji, inaweza kushika moto. Msibonyeze kitufe cha kusema bila antena, mnaweza kuunguza sehemu ya kurushia. Ikinyeshewa, toeni betri, mkaushe kivulini, si jikoni kando ya moto. Na masafa ya kuzungumzia, pateni kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kikundi kile sasa kina daftari la redio. Kila Jumamosi mtu mmoja anasugua vyuma kwa kitambaa kikavu, anabonyeza, anasema, na mwenzake anajibu kutoka ng'ambo ya mto. Anaandika tarehe na sahihi. Akiba yao bado iko benki. Kikundi chenu kinaweza kuanza Jumamosi hii.