Kompyuta Haifuti Milimita Mbili

Jino la kupandikiza husimama juu ya skrubu ya titani iliyozamishwa ndani ya taya. Kwenye taya la chini, chini ya magego, unapita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Keekee ikiujeruhi, mdomo waweza kufa ganzi kwa miezi, pengine daima. Ili kuukwepa, kompyuta huunganisha picha ya CT na ile ya skana ya meno, daktari akapanga skrubu kwenye kioo, kisha printa ikatoa kiolezo cha plastiki kinachovalishwa mdomoni, chenye tundu la kuongoza keekee. Msifiaji wa kifaa hiki atakuambia kosa limekwisha. Halijakwisha.

Tathmini iliyochapishwa mwaka 2018, iliyokusanya tafiti 20 na vipandikizi 2,238 vya wagonjwa 471, ilikuta skrubu zimeachana na mpango kwa wastani wa milimita 1.2 pale zinapoingilia, milimita 1.4 kwenye ncha, na mwinamo wa nyuzi 3.5. Mgonjwa akitikisika wakati wa CT, picha hupotoka. Plastiki nayo hupinda kidogo, na kati ya keekee na tundu lake lazima pawe na nafasi, la sivyo keekee haizunguki. Aliyebaki kibogoyo ana shida zaidi, maana kiolezo chake hukalia ufizi, na ufizi hubonyea. Tena wastani huficha waliokosewa zaidi, ilhali mgonjwa hapandikizwi wastani. Ndiyo maana watafiti hao walishauri kuacha walau milimita 2 za usalama, na kwangu mimi ushauri huo una uzito kuliko tarakimu nyingine zote.

Mtu atauliza: basi si afadhali mkono mtupu? Hapana. Majaribio yaliyolinganisha njia hizi mbili yameonyesha kwamba mkono peke yake hukosea zaidi, hasa kwenye mwinamo. Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya kiolezo ni ya daktari mzoefu anayejaza pengo moja penye mfupa mpana: hapo kosa la milimita moja halimdhuru mtu, na gharama ya kiolezo ni vigumu kuitetea. Kiolezo nacho kina kero zake. Huzuia maji ya kupoza keekee, na mfupa uliopashwa nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kuharibika. Kwenye magego ya nyuma, keekee ndefu inayohitajika huenda isipenye kabisa kwa mgonjwa asiyeweza kupanua kinywa.