Saa Moja ya Angani na Safari ya Nunguni

Akina mama wenye wazee wao bara hutuuliza mara kwa mara: Mombasa na Nairobi ni masafa gani, na ndege huchukua muda gani? Kwa barabara ni takriban kilomita 480. Kwa ndege ni saa moja, au pungufu kidogo. Jibu hilo humtosha aendaye Nairobi. Aendaye Nunguni halimtoshi, na siku ya msiba laweza kumponza.

Nunguni iko juu ya milima ya Kilungu, katika Kaunti ya Makueni. Atokaye Mombasa huiacha barabara kuu pale Salama, kilomita zipatazo 80 kabla ya Nairobi, kisha akapanda mlima. Ndege, kwa wepesi wake wote, humpitisha abiria juu ya Ukambani (akikaa upande wa kushoto, na mbingu zikiwa safi, huenda akauona mlima Kilimanjaro), ikamshusha Embakasi. Hapo hana budi kurudi nyuma kwa gari, kwa Mlolongo na Athi River, katikati ya malori.

Tuseme simu imelia baada ya Alfajiri: mzee amefariki Nunguni, na maziko ni baada ya Alasiri, kwani maiti wetu hacheleweshwi. Atokaye Kisauni ahesabu njia ya kuvuka kisiwa hadi uwanja wa Moi, kule Port Reitz, ambayo asubuhi ya msongamano huweza kula saa nzima. Aongeze saa ya kungoja uwanjani, saa ya angani, kutoka na mizigo, kisha saa mbili au zaidi hadi Kilungu. Hizo ni saa 6 kwa uchache, iwapo nafasi imepatikana. Gari la nyumbani, likienda moja kwa moja hadi Salama, lahitaji saa 7 au 8, nalo hubeba watu watano kwa mafuta yale yale.

Rai yetu ni kwamba mmoja apande ndege, hasa mwana atakayemwosha baba yake, na wengine wafuate kwa gari. Wala dereva aliyefiwa asishike usukani peke yake.

Kwa ziara isiyo na haraka, twapendelea treni ya SGR ile inayosimama njiani. Mtu hushuka Emali, akapanda matatu kupitia Sultan Hamud hadi Salama, na watoto huwa wameshalala usingizi wao.

Wengine huuliza kama msafiri wa saa moja hupunguza Swala. Madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu Pwani, hutazama masafa wala si muda: ni kilomita 80 na kidogo, na safari hii imezipita kwa mbali.

Watoto wabebewe sweta. Julai ya Kilungu ina ukungu na baridi kali, na mtandio wa Mombasa hausaidii kitu.