Mchezaji Akikosea Nje ya Uwanja, Nani Amwadhibu?

Kila mpenda mpira amewahi kulisikia swali hili. Mchezaji akimpiga mkewe, au akilewa na kufanya fujo mtaani, je, timu yake imwadhibu, ama iwaachie polisi na mahakama? Wengine wetu hujibu mara moja, "Afukuzwe!" Wengine husema kwamba analipwa kwa kucheza, na mambo ya nyumbani kwake hayamhusu meneja.

Sisi twaona kwamba swali hili si la wachezaji peke yao. Mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi. Ana mwajiri, ana mkataba, ana mshahara. Atakavyotendewa yeye leo, ndivyo anavyoweza kutendewa kesho mkata miwa na mchuma chai.

Tutazame kisa cha Marekani. Mwezi Februari 2014, Ray Rice, mchezaji wa timu ya Baltimore Ravens katika ligi ya NFL, alimpiga mchumba wake ndani ya lifti ya kasino mjini Atlantic City hadi akazirai. Alishitakiwa, na mahakama ikamweka katika mpango wa kurekebisha wakosaji badala ya kumfunga jela. Mwezi Julai mkuu wa ligi, Roger Goodell, akamfungia michezo 2 tu. Watu wengi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mwanamke amepigwa mpaka kupoteza fahamu, na bei yake ni michezo 2!

Tarehe 8 Septemba picha za kamera ya ndani ya lifti zikatolewa hadharani. Siku ile ile timu ikavunja mkataba wa Rice, na ligi ikamfungia bila kikomo. Kosa lilikuwa lile lile la Februari. Kilichobadilika ni kwamba sasa dunia nzima ilikuwa imeliona.

Chama cha wachezaji kikakata rufaa. Je, chama kilikuwa kinamtetea mpiga wanawake? La. Kilitetea kanuni ambayo kila mfanyakazi anaihitaji, kwamba mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja. Mwezi Novemba jaji mstaafu Barbara S. Jones aliamua kwamba Rice hakuwa ameidanganya ligi alipohojiwa, akaifuta adhabu ile ya pili. Hata hivyo Rice hakucheza tena katika NFL.

Adhabu ya kwanza ilimdharau mwanamke, na ya pili ilidharau haki. Zote mbili zilitoka mahali pamoja, kwani kwa mkataba wa wakati ule mkuu wa ligi ndiye aliyeadhibu, na ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusikiliza rufaa. Katika mkataba wa 2020 chama kilipata badiliko: kesi husikilizwa kwanza na mwamuzi anayeteuliwa na pande zote mbili, ingawa rufaa bado huenda kwa mkuu wa ligi au mtu anayemchagua.

Uingereza nako kuna funzo. Mwezi Februari 2022 mlinzi wa West Ham, Kurt Zouma, alionekana katika picha akimpiga teke paka wake. Klabu ilimtoza faini ya pauni 250,000, ambayo ni mshahara wa wiki 2, kiwango cha juu kilichoruhusiwa. Mwezi Juni mahakama ikampa saa 180 za kazi za jamii bila malipo. Klabu ilitoa adhabu yenye mpaka, na sheria ya nchi ikafanya kazi yake.

Na kwetu? Tunazijua timu za viwanda vya sukari, kama Chemelil ya Kenya, na Mtibwa na Kagera za Tanzania. Katika timu ya kiwanda au ya shamba, mwenye timu mara nyingi ndiye mwajiri. Mchezaji akifunga mabao, makosa yake husahauliwa. Akivunjika mguu, makosa ya mwaka juzi hukumbukwa, na kibarua kikaota nyasi. Uwezo wa kuadhibu bila kanuni ni mtego wa panya, huingia waliomo na wasiokuwemo.

Jibu letu basi ni hili. Timu inaweza kumwadhibu mchezaji, lakini kwa kanuni zilizoandikwa kabla ya kosa na kukubaliwa na chama. Asikilizwe kwanza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumfukuza mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua. Adhabu ya nyota wa timu na ya mchezaji wa akiba iwe moja. Na aliyempiga mtu apelekwe polisi, asifichwe na meneja kwa sababu Jumamosi kuna mechi.

Tena tumkumbuke mke aliyepigwa. Akijua kwamba kushitaki ni kuupoteza mshahara unaolisha watoto, atanyamaza. Kwa hiyo adhabu ipimwe ili imrekebishe mkosaji bila kumnyima mke na watoto chakula. Matawi yetu yaulizane wiki hii: kanuni za timu yetu ziko wapi, na ni nani aliyeziandika?